Wimbo Usiorudishwa

Siku yangu ya kwanza kazini Arusha, nikiwa nimetoka sekondari, nilikabidhiwa kamba ya katani niuzungushie uwanja wa maonyesho. Cheo changu kilikuwa Msaidizi wa Maendeleo, na kazi yangu ilikuwa kuandaa mashindano ya ngoma za kuhimiza matuta, yale ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuyachimba ili kuzuia mmomonyoko. Kamba ilikuwa ya kuwatenga watazamaji na waimbaji. Sijapata kushika kifaa cha kijinga kuliko kile.

Ninyi vijana hamjui wimbo ulivyotengenezwa. Oldonyo Sambu, nilikotumwa kutafuta vikundi, mtoa wimbo alikuja na ubeti mbichi. Watu wakiukubali, waliuitikia. Wasipoukubali walisema, "Rudisha," naye akautengeneza palepale huku wakimtania. Aliyesifika kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makamo, Yeyo Nasieku; yeyo kwao ni mama. Siku hiyo alianza: "Tunachimba matuta kwa furaha."

Wanawake wakacheka. "Rudisha. Furaha ya nani, yeyo? Ya mgongo wako?"

Akaimba tena: "Tunachimba matuta, mgongo unauliza shamba ni la nani." Wote wakaitikia. Kesho yake niliusikia ubeti huo mtoni, mtu mwingine keshauongezea mkia.

Mkuu wangu, Bwana Maendeleo, alikuwa Mwingereza mwenye Kiswahili cha kutosha kukosea. Alidhani "rudisha" ni kuzomea. Nilimweleza kwamba hapo ndipo wimbo unapofuliwa, kama chuma. Hakutaka kusikia.

"Watazamaji watanyamaza," alisema. "Tunapima waimbaji, si wao. Makofi mwishoni."

Siku ya mashindano Yeyo Nasieku alitoa ubeti mpya. Nyuma ya kamba, kimya. Askari walikuwa na fimbo. Akaurudia, akiwatazama jirani zake usoni. Kimya. Akauliza, "Mmenifia?" Kisha akaivuka kamba, akaenda zake. Kikundi chake kilikatwa alama kwa kusimama katikati ya wimbo. Mablanketi ya ushindi yalikwenda kwa waliosifu matuta mwanzo hadi mwisho.

Mwaka uliofuata kila kikundi kilikuja na sifa za matuta. Nani angejisumbua kutunga kitu kingine? Hata wanawake waliokuwa wakali wa kurudisha walianza kupiga makofi kwa kila kitu, kwa adabu, kama watu walio kanisani.

Nikahamishwa Meru, nikarudishwa mjini, nikahamishwa tena. Wakuu walibadilika, kamba ilibaki. Wa mwisho alikuwa Mwafrika mwenzangu. Siku nilipoaga, akanipongeza: "Watu wako wametulia kweli."

"Hawajatulia, bwana. Wamesahau kwamba wimbo ni wao."

Akacheka, akadhani natania.

Sasa nazunguka, miguu yangu haikai mahali pamoja. Juzi Sakina, kwenye harusi, kijana aliniamkia shikamoo vizuri sana, kisha akaniimbia zile sifa za matuta. Alizipata kwa bibi yake, akaziita mila yetu. Bibi yake alikuwa amekaa kando. Nilimwuliza nani alitunga. Akainamisha kichwa, akasema hajui, ila ukiziimba ulikuwa ukipata blanketi.