Mrija wa Wiki Mbili

Watu walimbatiza jina la Redio kwa sababu kinyozi huyu mdomo haukumkauka. Kila aliyekaa kwenye kiti chake aliondoka amenyolewa kichwa na kuchambuliwa ukoo mzima. Mzee mmoja mteja wake, aliyekuwa akikimbilia choo kila mara, Redio alimpachika jina la Bomba, na wote waliokuwa wakisubiri zamu wakavunjika mbavu. Kinyozi mwenyewe alishinda amesimama bila kunywa maji, asije akawaacha wateja, hadi jiwe likamkaa kwenye figo.

Hospitali walimlaza usingizi, wakaingiza kamera nyembamba kwa njia ile ile ya mkojo, wakalivunja jiwe kwa leza likawa vumbi. Hakupasuliwa popote. Ila walimwachia ndani mrija laini wa kuteremsha mkojo kutoka kwenye figo, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili kutolewa.

Alirudi, jina likaandikwa. Akiwa kwenye benchi akasikia kwamba mrija hutolewa mtu akiwa macho, na wa kuutoa ni daktari wa kike, rika la binti yake. Pembeni yake sauti ikasema, "Karibu, mwenzangu." Alikuwa Bomba. Redio akainuka kama anayekwenda kununua vocha, akatokomea.

"Wameshautoa," alimwambia mkewe. "Usiombe yakukute."

Mama wa watu akamhurumia, akamlisha uji kitandani siku tatu.

Miezi saba baadaye mkojo ukaja na damu, na ubavu ukamuuma asilale. Picha ikaonyesha mrija ungali ndani, umeota mawe juu hadi chini, na figo imeanza kuchoka. Mkewe akaja juu.

"Yaani mlimwambia mmeutoa, kumbe mmeuacha? Mnachezea roho za watu? Mume wangu alilala siku tatu hajiwezi!"

Daktari yule kijana akapekua faili. Kwenye orodha ya waliofika siku ile, jina la Redio lilikuwepo. "Mama, nisamehe," akaanza, "sijui ilikuwaje..."

Redio aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Angenyamaza tu, mzigo ungekuwa wa binti wa watu.

"Sikuingia," akasema. "Nilikimbia. Niliona haya."

Mkewe akamgeukia taratibu. "Na ule uji?"

Alitamani ardhi impasukie.

Daktari akashusha pumzi, akaeleza kwamba leza itabidi ivunje kwanza mawe yaliyoushika mrija, ndipo utoke, na safari hii hakuna kuchelewa, maana figo ikifa haifufuki. Akachukua kalamu.

"Tutakupigia kukukumbusha tarehe, baba. Namba yako ya simu?"

Redio akafungua mdomo.

"Andika yangu," mkewe akasema, bila kumtazama.