Prosesa Aliyoikamua Kaka

Mimi na kaka yangu tulikuwa na studio ndogo ya video za harusi na misiba hapa Dodoma, na kwenye suala la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hatukuelewana hata siku moja. Mimi nilinunua ya bei kubwa, inayokwenda kwa kasi ya kiwandani bila usumbufu. Yeye alichukua ya kampuni pinzani, ya bei nafuu, akaingia kwenye mipangilio na kuipandisha kasi kupita ile iliyotoka nayo. Kuikamua, ndivyo alivyoita. Tulizishindanisha kwa faili moja, video ya sendofu ya binamu yetu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, na yake ikamaliza kwanza. Ila Oktoba, jua lilipoanza kuchoma bati, ilizima katikati ya kazi, nikamcheka mpaka akanuna. Alishikilia kwamba mimi nimelipia jina tu. Inaniudhi mpaka leo, maana alikuwa sahihi.

Aliugua ghafla, akafariki. Tulimzika asubuhi kwetu Mlali. Mama hakuwepo. Alikuwa amelazwa mjini, kavunjika nyonga, na kesho yake alipangiwa upasuaji. Alikuwa amemwambia daktari kwamba haingii chumba kile kabla hajamwona mwanawe akizikwa.

Kwa hiyo nilitoka makaburini moja kwa moja hadi studio. Video zilikuwa nzito, simu isingezifungua bila kuzipunguza, na wagonjwa wanaonwa jioni. Mashine yangu ingechelewa. Nikawasha yake, na ile kasi aliyoiweka sikuigusa. Nilifungua dirisha na mlango, nikaielekezea feni, nikakaa natazama joto linavyopanda kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya prosesa, jambo ambalo kaka angelicheka sana. Joto likafika juu, likatulia hapo, na kazi ikaisha.

Jioni, hospitalini, nilimwamkia mama, nikampa simu. Alitazama bila kulia. Video ilipofika pale ndugu wanapotupia udongo alirudisha nyuma, akatazama tena, akarudisha tena.

"Wewe sijakuona," alisema.

"Nilikuwa nimeshika kamera, mama."

Nilijaribu kueleza kwamba hakukuwa na mwingine wa kupiga picha, kwamba kazi hiyo siku zote tuliifanya wawili. Hakunisikiliza. Aliiweka simu kifuani, akanishika mkono.

"Basi wewe na mimi bado hatujamzika."

Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu afe.