Jinsi Nilivyomfichua Mwanamke wa Kabatini

Ukisikia mtu hapa Garsen ananiita "Mpelelezi", tafadhali usidhani ni sifa. Ni jina la kunichoma, na aliyelianzisha ni mama mmoja wa Kiorma anayeuza maziwa, aliyekuwa safu ya tatu siku ile, ambaye mpaka leo akipita mbele ya kibanda changu huubana mkoba wake kwapani kwa nguvu, kisha hucheka peke yake mpaka anapotelea kwenye kona. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningecheka zaidi. Lakini kwa vile kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake (wako wanaosema nilipigwa, na wallahi sikupigwa), acheni niieleze mwenyewe, aibu ni yangu basi na mdomo nao uwe wangu.

Mimi ni fundi wa simu. Nabadilisha vioo, nabadilisha betri, na mtu akitaka filamu namwekea kwenye memori kadi. Kwa kazi hiyo nimetazama filamu nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu, na katika zote hakuna ninazozipenda kama za wanamazingaombwe, wale wa jukwaani wenye makoti marefu, ambao mwisho wa filamu unagundua kwamba kila ulichoamini tangu mwanzo kilikuwa siyo. Hadija alikuja kama mteja. Alikuwa amekuja Garsen kwa miezi michache, anakaa kwa dada yake akijifunza kazi ya duka la dawa, na simu yake ilikuwa imeingia maji. Nikaitengeneza, na kwa kujionyesha tu nikamwekea filamu ninayoipenda kuliko zote. Kesho yake akarudi amekunja uso.

"Kaka, filamu yako imenidanganya," akasema.

"Ndiyo utamu wake!"

"Utamu gani? Mtu anidanganye saa mbili nzima, halafu mwisho anicheke, nami nimpigie makofi?"

Hapo nikajua nimekwisha.

Filamu yenyewe ni ya mwanamazingaombwe mzee ambaye kila siku humwingiza mkewe kabatini, akifungua hayumo, akifunga na kufungua tena amerudi. Siku moja harudi. Polisi wanatafuta, mji mzima unatafuta, mzee anakaribia kufungwa jela, na dakika ya mwisho kabisa ndipo tunaonyeshwa kwamba yule mke alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji muda wote, amejitanda nguo nyeusi za mjane, anapiga makofi na wenzake. Mimi niliruka kitini nilipoiona! Hadija yeye alikuwa na yake, ya mwanamazingaombwe anayedai kusoma mioyo ya watu. Humwita mtazamaji mmoja jukwaani, humshika mkono, humwambia huzuni aliyoificha, na yule mtu hulia akikiri kwamba ni kweli. Mwisho tunajua kwamba hakuwa akisoma chochote. Alikuwa akimwambia kila mtu huzuni yake yeye mwanamazingaombwe, na kila mtu aliitikia kwa sababu hakuna asiyekuwa nayo.

"Hiyo haina mgeuko wa mwishoni," nikamwambia. "Hiyo ni mahubiri."

"Inao," akasema. "Ila ilituonyesha yote tangu mwanzo, sisi ndio hatukuangalia. Yako inaficha. Yangu haifichi kitu."

Tulibishana hivyo mpaka muda wake ukaisha, akarudi Madogo, mbali huko juu ya mto, kwa shangazi yake aliyemlea, akapata kazi kwenye duka la dawa huko. Ubishi ukahamia kwenye simu. Mwaka mzima na nusu, kila filamu ya mazingaombwe niliyoipata nilimtumia, naye akiimaliza hunitumia ujumbe wa sauti wa dakika tano, sita, nikiusikia nyuma yake mlio wa malori na watu wakiulizia dawa ya kikohozi. Niliuzoea ule mlio. Siku nyingine nilifunga kibanda mapema nikateremka mtoni (na hili sijamwambia mtu), nikikaa pale ukingoni nikiwaza kwamba maji haya yalipita Madogo chini ya daraja siku kadhaa zilizopita, huenda aliyaona. Mtu mzima, ana ndevu, anaangalia maji ya matope na kuyaonea wivu.

Basi mwaka huu akaniambia anakuja Garsen na shangazi. "Yeye ndiye mwenye neno," akasema. "Jumamosi baada ya magharibi uje nyumbani kwa dada umsalimie. Ukimpendeza shangazi, mengine yote ni mepesi." Nikanunua kanzu. Nikajizoeza hata namna ya kukaa, maana nina tabia ya kutikisa mguu.

Sasa ikatokea kwamba Jumamosi hiyohiyo, saa tisa alasiri, mwanamazingaombwe kutoka Mombasa alikuwa anaonyesha michezo yake kwenye ukumbi wa shule moja hapa mjini. Wa kweli, si wa filamu! Hadija akaniambia na yeye atakuja na dada yake. Tuliketi mbalimbali, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, lakini nilimwona. Mwaka na nusu, ndugu zangu. Alikuwa amekonda kidogo. Aligeuka mara moja akaniona, akanyanyua nyusi kama kusema, haya, leo tutajua nani mkweli, na mimi kichwa kikanijaa maji.

Pembeni yangu alikuwa rafiki yangu Komora, mwendesha bodaboda. Kila mchezo uliofanyika nilimnong'oneza siri yake, kitambaa kiko mkononi, karata iko kwenye shati, mpaka akaniomba nimwache aangalie. Kisha likaletwa kabati jekundu. Msaidizi wa yule bwana, mwanamke aliyevaa gauni refu la buluu linalometameta, akaingia ndani, mlango ukafungwa, mlango ukafunguliwa. Hayumo. Watu wakapiga kelele, mzee mmoja akasema astaghfirullah akatoka kabisa.

Na katika zogo hilo mlango wa nyuma wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye buibui na nikabu, peke yake, anahema, ana mkoba mkubwa uliofura, akaketi mwisho wa safu karibu na dirisha.

"Komora!" nikasema. "Ni ileile! Ni filamu yangu!"

"Filamu gani?"

"Yule pale ndiye wa kabatini. Amezunguka nyuma."

"Bwana wee, kaa kitako."

Jukwaani yule bwana akauliza, "Kuna yeyote anayejua alikokwenda?" Najua sasa kwamba huuliza hivyo kila mji, ni sehemu ya mchezo, hategemei jibu. Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa mtu mwingine. Nikanyanyua mkono. Mkono tu, jamani, ndio uliofanya yote haya.

"Mimi najua!" nikasema, na kwa kuwa Hadija alikuwa amegeuka kunitazama, nikasimama, na kwa kuwa nimesimama nikaona haifai kusimama bure, nikatembea mpaka kwenye lile dirisha watu wote wakinifuata kwa macho, nikamnyooshea kidole yule mama, nikasema kwa sauti ya kufika Minjila, "Ndiye huyu!"

Ukumbi ukalipuka. Mwanamazingaombwe akafurahi kupita kiasi. "Mwambie asimame tumwone!" akasema.

"Dada, mchezo umekwisha," nikamwambia yule mama. "Simama watu wakuone."

Akauvuta mkoba wake karibu.

"Simama tu, hakuna ubaya."

"Kijana," akasema polepole, "nenda ukakae."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya mtu aliyekwisha kulea. Yeyote mwenye masikio angeijua. Mimi nikajiambia, tazama anavyoigiza, mpaka sauti! Watu wakaanza kuimba, simama, simama, na yeye hasimami, na mimi nikaona nitaaibika (nilidhani aibu ndiyo ile), nikauona ule mkoba. Nikasema, "Gauni la buluu limo humu!" nikaunyanyua kwenye paja lake nikafungua zipu.

Kilichotoka kwanza kilikuwa tasbihi. Kisha vidonge vya presha, pakiti tatu. Kisha kikatoka kitambaa cha rangi ya buluu, nikakipeperusha juu nikipiga ukelele wa ushindi, kikakunjuka, kikawa leso. Ndani ya leso kulikuwa na kikaratasi cha nailoni, kikaanguka sakafuni, yakatawanyika meno ya bandia, ya juu na ya chini. Hapo ndipo ukumbi ulipocheka kicheko ambacho bado nakisikia nikilala. Na mwisho wa yote ikadondoka picha, ikatua juu ya kiatu changu.

Nikainama nikaiokota. Aliyekuwamo ni mimi. Nimesimama mbele ya kibanda changu nimetoa meno kama punda, simu mkononi. Nikaigeuza. Nyuma iliandikwa kwa mwandiko ninaoujua vizuri, maana ndio ulioandika jina lake kwenye daftari langu la wateja: *Shangazi, ndiye huyu.*

Baadaye nilielezwa yote. Shangazi hakutaka kuniona kwanza nikiwa nimevaa kanzu mpya na kukaa kwa adabu. Alimwambia Hadija atangulie na dada yake, yeye atakuja nyuma yao peke yake na picha yangu, aketi pembeni, anitazame nikiwa sijui natazamwa. Lakini wakati ule sikuhitaji maelezo. Nilinyanyua macho nikamwona Hadija amesimama kule mbele kati ya wanawake, mkono umeziba mdomo, na nyuma yangu watu wakapiga vigelegele kwa sababu yule bwana alikuwa amefungua kabati lake jekundu na mwanamke wa gauni la buluu yumo ndani, anapunga mkono. Hakuwa ametoka hata hatua moja.

Shangazi aliinama akaokota meno yake, vidonge vyake, tasbihi yake. Hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa bado nimeishika picha yangu. Mwisho akanyoosha mkono nikampa ile picha.

"Nilikuja kukutazama," akasema. "Basi, nimekutazama."

Akatoka.

Jioni nilikwenda. Komora aliniambia nisiende, nihamie Hola, lakini nilikwenda, na kanzu nikaivaa. Shangazi alinipokea vizuri, hilo ndilo lililoniua. Akaniitikia salamu, akanikaribisha mkekani, nikaletewa chai ya tangawizi na mahamri. Nikasema, "Shangazi, nisamehe, sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua," akasema. "Hilo ndilo linalonisumbua. Ungejua ni mimi usingenigusa. Je, ningekuwa mama wa mtu mwingine?"

Hamri nililolishika nikalirudisha sahanini. Jibu la swali hilo ninalitafuta hata sasa. Hadija aliingia na birika kuniongezea chai, hakuniangalia, akamimina chai mpaka ikafurika kisahanini, nami sikuweza kujua kama ni hasira, au ni kicheko anakizuia, au anataka kulia. Aliponisindikiza mlangoni nikataka kusema neno, akaniwahi.

"Miezi, Jillo," akasema. "Miezi nimekuwa nikimweleza shangazi kwamba wewe ni mtu unayesikiliza."

Jumapili asubuhi walipanda basi la kurudi Madogo.

Ujumbe wa sauti ulikoma. Nilituma wa kuomba radhi, mmoja, wa pili, nikaona wa tatu ni usumbufu, nikaacha. Filamu zinaendelea kuja, watu wananiletea memori kadi zao, na kila nikimaliza moja ya mazingaombwe mkono unakwenda wenyewe kwenye simu. Juzi niliona moja ambayo mgeuko wake sikuupenda, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini, ilikuwa inaficha tu, haina kitu nyuma yake. Nilirekodi dakika nne nzima nikimweleza Hadija kwamba alikuwa na haki, kwamba ile filamu yake ya msoma mioyo nimeirudia mara tatu na safari ya tatu nililia, kisha nikaisikiliza sauti yangu, nikaifuta. Ingekuwa usiku wa manane nisingejishangaa, lakini ilikuwa saa nne asubuhi na mteja amesimama anasubiri kioo chake.

Nimeapa mambo mawili. Mkoba wa mtu sitaugusa hata ukiwa unawaka moto, na jambo ninalolijua kwa hakika kabisa sitalisema mpaka nimeulizwa mara tatu.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwandikia mstari mmoja tu, kwamba shangazi hajambo? Akajibu siku ya pili yake: *Hajambo. Mara nyingine anakuuliza. Anasema, yule wa mkoba.*

Nikaandika: *Akisema hivyo anacheka?*

Akajibu: *Siku nyingine.*

Maneno mawili, nami nimeyasoma mpaka yamechakaa. Labda anamaanisha siku nyingine hucheka, siku nyingine hacheki. Labda anamaanisha tuyaache, tutazungumza siku nyingine. Ningeweza kumuuliza ni ipi, na zamani ningekwisha kumwambia mwenyewe ni ipi. Sijamuuliza. Kibanda nafungua saa moja asubuhi kama kawaida, na simu naiweka mezani, kioo juu.