Masomo ya Mama Bobini

Mtaa mzima ulimwita Mama Bobini, na hakuna aliyekumbuka ni nani alianza. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na hakutulia mahali pamoja. Kutwa alizunguka chumba chake cha kazi bisibisi mkononi, miwani juu ya paji la uso, akiitafuta hiyo hiyo miwani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani. Kushona hakukuwahi kumkaa moyoni, na hata magauni yake alishonewa na wengine. Alichokipenda ni kilichomo ndani ya mashine. Mtu akimletea cherehani kinachoruka mshono, aliinamisha sikio, akazungusha gurudumu kwa mkono mara mbili, akasema, "Hiki hakina ugonjwa. Kimepewa sindano isiyo yake." Mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyemwingiza kwenye mtandao. Wifi alikuwa amestaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya shule, na vidole vyake bado viliwasha kwa kukosa cha kupiga. Siku moja alimkalisha Mama Bobini mbele ya kompyuta, akamfungulia ukurasa kwenye jukwaa moja la bure, akamwambia, "Haya, waeleze watu unayotueleza sisi kila siku mpaka tumechoka."

Basi akawaeleza. Kila Jumamosi asubuhi, somo moja: picha tatu nne za mashine iliyofunguliwa tumbo, na maneno machache chini yake. Jinsi ya kukaza mkanda. Kwa nini uzi wa chini hufanya fundo. Mafuta matone mangapi, na wapi usithubutu kuyatia. Miaka sita ilipita, masomo yakafika mia tatu na kumi na mawili. Washonaji wa miji asiyoijua walimwandikia hapo chini ya masomo, wakaagiza vipuri hapo hapo, wakajiandikisha hapo hapo kwa mafunzo ya wiki mbili aliyoyatoa kila robo mwaka. Biashara yake yote ilipita kwenye mlango ule mmoja.

Wifi aliwahi kumuuliza. "Wifi, nakala ya masomo haya unaiweka wapi?"

"Si yapo huko?"

"Huko wapi?"

"Huko mtandaoni. Kwani mtandao unahama?"

Wifi alikunja midomo, akaendelea na chai yake.

Ikafika Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Mama Bobini akafungua ukurasa wake kumtafutia mteja picha ya kishikio cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Akakuta weupe mtupu na mstari mmoja: huduma hii imefungwa, asanteni kwa kuwa nasi. Akafunga, akafungua tena. Akazima simu, akaiwasha. Akaenda kwa jirani mwenye simu mpya zaidi. Weupe ni ule ule.

Baadaye ilijulikana kwamba wenye jukwaa walikuwa wameamua kufunga duka lao, na walikuwa wametuma barua pepe sita, wakimpa kila mtu miezi mitatu ya kuhamisha vitu vyake. Barua zote zilikwenda kwenye anwani ya zamani ambayo Mama Bobini alikuwa amepoteza neno lake la siri miaka minne nyuma. Picha nazo alizifuta kwenye simu kila mwezi ili apate nafasi ya nyingine.

Aliketi kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, watu wa pale walimwona ametulia, na jambo hilo liliwatisha. Mumewe, ambaye ni kinyozi, alivuka barabara na aproni yake bado imejaa nywele za mteja.

"Mke wangu, nywele zikinyolewa huota," alisema.

"Hizi hazikunyolewa, Baba Watoto. Zimeng'olewa na ngozi yake."

Wifi naye alifika mbio. Neno "nilikuambia" lilionekana wazi limemjaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Alilizungusha shavu hili, akalizungusha shavu lile, kisha akalimeza. Mpaka leo Mama Bobini husema hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo aliyowahi kupewa na ukwe wote.

"Una namba ya simu ya msomaji yeyote?" wifi aliuliza.

Hakuwa nayo. Watu elfu kadhaa walimsoma, na wote aliwajua kwa kupitia ukurasa uliokufa. Akakuna kichwa sana, ndipo akamkumbuka mshonaji mmoja wa mapazia, aliyewahi kumpigia simu kuhusu mkanda uliokatika. Namba ilikuwepo bado, imehifadhiwa kwa jina la "Mkanda".

Simu iliita mara moja tu. "Mama Bobini!" mshonaji wa mapazia alipiga kelele. "Nimelia asubuhi yote, nilidhani umekufa!"

"Niko hai. Yaliyokufa ni masomo."

"Masomo yapi yamekufa? Mimi ninayo kumi na moja kwenye simu, niliyapiga picha. Na shoga yangu wa magodoro anayo mengine. Subiri kwanza."

Ikawa kama kufungua bomba. Mshonaji wa mapazia alimwambia wa magodoro, wa magodoro akawaambia wa sare za shule, na kufikia Ijumaa simu ya Mama Bobini haikuweza kuwekwa mezani bila kutetemeka mpaka ukingoni. Mmoja alituma picha ya somo alilolibandika ukutani, limejaa madoa ya mafuta, lakini linasomeka. Mwingine alikuwa amenakili masomo tisa kwenye daftari la watoto, katikati ya hesabu za kujumlisha. Mzee mmoja fundi wa suti alituma sauti: alikuwa amelikariri somo zima la kurekebisha meno yanayosukuma kitambaa, akalisoma lote kwa kichwa, na kila alipofika mwisho wa aya alikohoa. Wifi aliyapiga chapa yote. Hata kikohozi nusura akiandike.

"Wifi, hapa anasema 'kaza kwa adabu'. Hayo ni maneno yako?"

"Ni yangu hasa!"

Walicheka mpaka kinyozi akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Wiki ya pili ilipoanza, walikuwa na masomo mia na kumi na manane. Ndipo akaja mwanamume mmoja mwembamba, mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi, amekumbatia mfuko wa karatasi kama mtu aliyebeba yai. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Mama, nimekuja kuungama," alisema. "Sisi tumekuibia."

Akatoa kitabu. Kilikuwa kinene, kimebanwa kwa waya pembeni, kurasa zimekunjika kwa kutumika. Ndani yake, somo baada ya somo, picha na maneno, vilikuwa vitu vyake: masomo mia mbili na arobaini. Chuo kilivichapa mwaka uliopita na kuwafundishia wanafunzi, bila kumwomba mtu ruhusa. Mama Bobini alishusha miwani, akasoma jalada. Palikuwa na picha ya cherehani, na chini yake maneno: "Mwandishi: Hajulikani."

Mwalimu alitazama chini. Kisha bega la Mama Bobini likaanza kutikisika. Mwalimu alidhani analia, akanyoosha mkono kumtuliza, kumbe mwenzake amevunjika mbavu kwa kicheko.

"Hajulikani!" alisema, machozi yakimtiririka. "Wifi, njoo umwone Hajulikani! Mwalimu, keti bwana, nikukumbatie. Ungeniomba ruhusa kwa adabu ningekupa, kisha nisingekumbuka kamwe kwamba unacho."

"Kwa hiyo hujakasirika?"

"Nimekasirika. Nitakasirika vizuri kesho. Leo nipe hicho kitabu."

Na kweli kesho yake alikasirika, kwa muda wa chai moja, na wakaandikiana karatasi iliyotiwa sahihi na wote wawili: chuo kitumie masomo, jina lake liwe juu ya jalada, na kila toleo jipya nakala moja iletwe kwake.

Walipoyaunganisha ya wasomaji na ya kitabu, wakaondoa yaliyojirudia, masomo yalifika mia mbili na tisini na matatu. Safari hii wifi hakuuliza, aliamuru. Walisajili anwani ya tovuti kwa jina la Mama Bobini mwenyewe. Walitunza nakala kwenye diski mbili, moja chumbani kwa Mama Bobini, nyingine kabatini kwa wifi, chini ya mashuka, na ya tatu ilikaa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Barua pepe ya zamani ilifufuliwa kwa shida, ikazikwa rasmi, na ile mpya ilifunguliwa kila asubuhi kabla ya bisibisi. Kila msomaji aliyetaka aliacha namba yake. Majukwaa ya watu hawakuyaacha, maana huko ndiko watu walikojaa, lakini huko walipeleka kionjo tu, na chini yake anwani ya nyumbani kwao, ile tovuti.

Yalibaki masomo kumi na tisa ambayo hayakuonekana kokote. Mama Bobini alikaa kuyaandika upya, moja kila Jumamosi. Alipofika lile la kukaza uzi wa juu, alisita, akafungua mashine mezani, akajaribu, akajaribu tena, kisha akamwita wifi kwa sauti iliyofika kwa kinyozi.

"Wifi! Hili nilikuwa nimelifundisha kinyume miaka yote!"

"Na hakuna aliyelinakili?"

"Hata mmoja!"

"Walikustahi," alisema wifi, akavuta kibodi karibu. "Haya, taja taratibu, niandike."