Mguu Uliouma Jumatatu

Kwa miaka sita nimekuwa sekretari wa mwethya wetu wa Kalama, kikundi cha akina mama kumi na wanane wanaosaidiana mashambani kwa zamu. Kila Jumatatu tunakwenda kwa mmoja wetu kuchimba fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu uwe ukingo wa kuzuia maji ya mvua. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio, na nililipenda kuliko jembe.

Sheria nayo ilikuwa yangu: atakayekosa mara tatu, zamu yake inarukwa. Mwaka jana jirani yangu, mjane wa ng'ambo ya kijito, alikosa mara tatu akimuuguza mama yake, nami nikampiga mstari mwekundu kwa rula. Wenzangu walinung'unika, nikawaambia sheria ni sheria. Mvua ilipokuja, kingo zake zilibomoka na mbaazi zake zikateremka hadi kijitoni pamoja na udongo. Nilisikitika, lakini nililala vizuri.

Mwaka huu ikawa zamu yangu kukosa. Jumatatu ya kwanza ilikuwa baridi ya Julai, blanketi likanishinda. Ya pili nilikuwa sokoni Tala nikichagua sweta kwenye mitumba, nikatuma ujumbe kwamba mguu unaniuma. Ya tatu nilituma ujumbe uleule, maana uwongo ukishautengeneza vizuri ni hasara kuutumia mara moja tu.

Basi Jumapili ikanibidi nichechemee kanisani. Mimi ndiye mwalimu wa sande skuli, na siku hiyo nilifundisha habari ya vibarua wa shamba la mizabibu, wale walioitwa jioni wakalipwa sawa na walioanza asubuhi. Nakiri kwamba moyoni siku zote nimekuwa upande wa wale wa asubuhi. Niliingia nikichechemea mguu wa kulia, nikaimba, nikacheza kidogo wakati wa sadaka, nikatoka nikichechemea wa kushoto. Jirani yangu alikuwa mlangoni akisalimia watu. Aliitazama miguu yangu yote miwili, akanitakia wiki njema.

Zamu yangu ilikuwa Oktoba, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Ukingo wangu wa juu ulikuwa umepasuka. Mvua moja kubwa ingebeba shamba lote, na shamba ndilo chakula changu. Nilifikiria kujisahihishia daftari. Nikaona haya, nikachukua rula ileile, nikajipiga mstari, nikamwambia mwenyekiti nimerukwa. Kisha nikalia.

Jumatatu ambayo ingekuwa zamu yangu niliamshwa na sauti ya majembe. Nikatoka nimejifunga leso, nikawakuta wote shambani, na mbele yao jirani yangu, mtaro ukiwa tayari umemfika magotini. Nilianza kueleza habari za mguu. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikakimbilia jikoni kuinjika sufuria kubwa ya chai, angalau nisipewe bure.

Jirani yangu akanifuata hadi mlangoni. "Sekretari, wacha hiyo sufuria. Jembe yako iko wapi?"

Nikamwambia sistahili, na yeye kuliko wote anajua.

"Najua," akasema. "Kuja usimame hapa na mimi."

Nilichimba kando yake na aibu ikinichoma kuliko jua. Nimefundisha watoto neema miaka mingi, na sikuwahi kujua kwamba inaweza kuudhi hivyo. Nilitaka niwe nimetoa kitu, hata chai, na walikuwa wamenifikia kabla sijawasha moto. Kabla ya saa saba ukingo ulikuwa umesimama, na mwenyekiti akaniambia niandike kwamba wote wamefika, na mimi nikiwemo.

Kesho yake, Jumanne, haikuwa siku ya mwethya. Nilivuka kijito jua likichomoza, nikaanza kuchimba ukingo wa jirani yangu, ule niliouruka kwa rula. Alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Na leo ni mguu gani inauma?"

Nikamwambia yote miwili. Alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akaenda kuchukua jembe lake.