Gari la Mzee Kufuli

Kila aliyepoteza ufunguo katika mji ule alijua pa kwenda. Kati ya duka la viatu na ngazi za jengo la ofisi palikuwa na kibanda chembamba, na ndani yake mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, shati limejaa vumbi la shaba kutoka kwenye mashine ya kuchongea funguo. Watu walimwita Kufuli. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amemkasirikia. Tuambiane ukweli mapema, maana yanayokuja yanaweza kumfanya msomaji amwone mtu huyu shetani: Kufuli alikuwa mtu mwema. Hakumdhulumu mtu, hakumwinulia mkono mke wala mtoto. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, hakumwamini mtu.

Na ugonjwa huo aliupatia kazini. Mtu wa kawaida akishafunga mlango hulala usingizi. Kufuli alikuwa amefungua milango mingi mno kwa waya na subira, hata akajua kwamba kufuli ni ombi tu, unamwomba mwizi apite nyumba ya pili. Tena alikuwa akiletewa mambo. Mara aje mtu nadhifu na kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo, aombe achongewe "wa nyumbani". Mara aje mwingine na ufunguo wa gari la shemeji yake, eti shemeji amesafiri. Kufuli aliwafukuza, lakini sura zao alizibeba hadi nyumbani, na huko akazibandika kwa majirani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, mpaka binti yake akawa anaimalizia methali hiyo kabla baba hajaifikisha katikati.

Alichokilinda ni gari. Lilikuwa gari la zamani, rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo, bampa za kung'aa na usukani mwembamba, mpana kama sinia. Aliitwa kulifungua katika gereji ya marehemu mmoja ambaye warithi wake hawakujua funguo ziko wapi. Mlango ulipofunguka akasikia harufu ya ngozi ya viti, akakaa ndani kidogo, na hapo ndipo alipokwisha. Warithi walimwachia kama chuma chakavu. Miaka ikapita, Jumapili baada ya Jumapili, miguu yake ikichungulia chini ya bodi, hadi likawa gari la kusimamisha watu barabarani. Matajiri walimfuata kibandani kumwuliza kama analiuza. Haliuzwi, aliwajibu, na hakuinua macho kutoka kwenye mashine.

Sasa, kitu kinachotazamwa na kila mtu hakimpi mwenyewe raha. Kufuli aliweka geti la chuma, akafunga mnyororo kwenye usukani, akalishonea gari vazi la turubai. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno, akikaa na wenzake mbavu zinawauma kwa kucheka. Akawaambia majirani, "Mwenzenu nina mke mwenza. Mimi toka niolewe sijashonewa hata gauni, yeye keshapata shela." Wakacheka, Kufuli naye akacheka, na jioni ile ile akaongeza kufuli la pili kwenye geti.

Lakini hayo yote yalikuwa ya macho ya watu. Ulinzi wenyewe ulikuwa kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Ndani ya injini za zamani mna kipande cha plastiki ngumu chenye ulimi wa shaba, kinaitwa rota. Ndicho kinachozunguka na kuugawa moto kwa kila plagi. Kichomoe, na gari litazungushwa stata hadi betri ife, haliwaki ng'o. Kila alipoliegesha gari, Kufuli alichomoa rota, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni, akaenda nayo kila alikokwenda. Hakumwambia mtu. Hakumwambia binti yake, ambaye alimfundisha mwenyewe kuendesha, wala hakumwambia mkewe.

Na hapa ndipo alipoula wa chuya. Siku moja alimpa mkewe ufunguo wa akiba, mbele ya binti, kwa maneno mazuri. "Siku ukitaka kwenda popote na mimi sipo, mtoto akupeleke. Gari ni lenu." Mama wa watu alifurahi, akautundika kwenye msumari juu ya kitanda, na kila aliyeingia chumbani akaonyeshwa. Kufuli naye alifurahi, maana aliona amempa mkewe heshima bila kulitia gari hatarini. Haikutokea wakalihitaji bila yeye kuwepo, kwa hiyo hawakujua kwamba walichopewa ni ruhusa ya kufungua mlango na kukaa kwenye kiti.

Aliyemshuku kuliko wote ni fundi wa kuchomea wa nyumba ya pili, mtu wa makamo ambaye ndiye aliyemtengenezea lile geti. Kosa la fundi huyu lilikuwa kulipenda gari. Akipita alisimama, akauliza ni la mwaka gani, injini inakula mafuta kiasi gani, spea anazipata wapi.

"Mtu haulizi bure," Kufuli alimwambia mkewe.

"Anauliza kwa sababu ana mdomo," mkewe akamjibu. "Wewe bwana siku moja utanifungia hata mimi kabatini."

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, asubuhi ya jua kali. Kufuli alikuwa amebana ufunguo kwenye mashine, mteja anangoja, simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Baba, mama ameanguka! Mdomo umeenda upande, mkono hauinuki. Tumemwingiza kwenye gari lakini haliwaki!"

Nyuma ya sauti yake Kufuli aliisikia stata ikizunguka, ikizunguka, bila kushika. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaikuta leso.

"Nani analiwasha?"

"Fundi wa kuchomea. Ndiye aliyenisaidia kumbeba. Baba, tufanyeje?"

Jibu lilikuwa la maneno machache. Liacheni hilo, rota ninayo mimi, tafuteni gari lingine sasa hivi. Hata mtoto mdogo angeweza kulisema. Lakini fundi wa kuchomea alikuwa pale pale, masikio wazi, na siri aliyoifuga miaka yote ikamkwama kooni. Na aibu nayo ilikuwepo. Angejieleza vipi kwa mke aliyemkabidhi ufunguo kwa maneno mazuri vile? Kufuli akasema neno ambalo tangu siku hiyo anaamka nalo na kulala nalo.

"Msilisumbue, mtamaliza betri. Nakuja."

"Unakuja sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nisubirini."

Wakamsubiri. Baba mwenye gari akisema anakuja, tena ni mtu anayefungua kila kilichomshinda mwenzake, utafanya nini zaidi ya kungoja? Walimtoa mama garini kwa sababu ya joto, wakamlaza kibarazani kwenye mkeka, binti akampepea kwa mfuniko wa ndoo.

Kufuli alirukia pikipiki ya kukodi. Kwenye makutano lori lilikuwa limezimika, magari yamefungana pande zote, hata pikipiki haikupata upenyo. Simu ikalia tena. Baba, umefika wapi? "Nimeshakata kona," alisema, uongo ule ule tunaousema sote tukiwa bado tunatafuta viatu. Ikalia tena, akasema hivyo hivyo. Mwenye pikipiki alisikia abiria wake akihema, akageuka kumwuliza kama anaumwa.

"Twende tu," Kufuli alisema.

Aliyechoka kungoja ni fundi wa kuchomea. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimwaga vyuma kutoka kwenye mkokoteni wake, akatandika godoro, wakampakia mama, yeye na binti wakamsukuma juani, mashimo kwa mashimo, hadi barabara kuu. Huko pikapu ya kubeba mchanga ikawahurumia.

Kufuli alifika nyumbani akakuta mlango wazi, mkeka mtupu, boneti imeinuliwa. Mikono yake ikafanya kazi iliyoizoea. Ilifungua leso, ikairudisha rota mahali pake, ikabana mfuniko. Gari likawaka mara moja. Akaliendesha hospitali peke yake, na njiani watu wakaligeukia kulitazama kama siku zote.

Daktari alikuwa mpole na mchovu. Alisema mshipa umepasuka kichwani, na kwamba kwa ugonjwa huu anayewahi na anayechelewa si wagonjwa wa aina moja. Kama angeletwa mara tu alipoanguka, alianza kusema, kisha akamtazama binti akaacha. Mama hakuongea tena. Alibaki na jicho moja lililowafuata watu chumbani, na mkono mmoja uliobana kidole cha binti yake. Siku chache baadaye mkono nao ukaacha kubana.

"Gari lilikuwa na nini?" binti aliuliza wakiwa kwenye benchi la korido.

"Waya ulilegea," Kufuli alisema.

Binti akakubali. Kwa nini asikubali?

Msibani watu walimsifu. Walisimulia jinsi alivyomwacha mteja amesimama na mashine inazunguka, jinsi alivyolifufua gari kwa dakika moja akawafuata hospitali. Umejitahidi, mzee, siku ikifika imefika. Aliitikia kwa kichwa, na kila sifa ilimchoma. Alitaka kulia lakini aliona machozi si haki yake, ni ya binti. Fundi wa kuchomea ndiye aliyebeba viti, akachota maji, akakaa naye hadi wa mwisho walipotawanyika. Kufuli alimshukuru huku akitazama chini.

Ndugu walipoondoka, nyumba ikabaki na watu wawili na gari. Akawa akilipita anageuza uso. Alipotaja kuliuza, binti alikataa katakata, akasema mama alilipenda, likae. Ndipo Kufuli akaingiwa na wazo ambalo angelicheka kama angelisikia kwa mtu mwingine. Alitaka aibiwe. Alitaka aamke asilikute, awe mtu aliyetendewa ubaya, majirani waje wampe pole ambayo angeweza kuipokea bila kusema uongo.

Jioni moja, mawingu yakijikusanya, alilitoa nje ya geti, akaliacha kando ya njia bila mnyororo wala turubai, vioo chini, ufunguo kwenye swichi, rota mahali pake. Akaingia ndani, akajifunika gubigubi. Mvua ilinyesha, na hakuamka kuchungulia.

Asubuhi alitoka kwa haraka. Kando ya njia palikuwa na madimbwi tu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Kufuli alivuta pumzi ikafika chini.

"Mzee!"

Alikuwa fundi wa kuchomea, anakuja kutoka upande wa karakana yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake, chini ya paa la mabati, bampa zilikuwa zinang'aa.

"Ulilisahau nje na mvua ikawa inakuja," fundi alisema. "Nikapandisha vioo, nikaliingiza kwangu. Nimelala humo humo ndani, maana karakana yangu mlango wake ni jina tu. Usijali, mzee. Msiba unachanganya watu." Akamkabidhi ufunguo.

Kufuli akaupokea. Binti yake alikuwa ameshatoka na ufagio, anasukuma maji uani.

"Ila nilitaka nikufanyie jambo," fundi akaendelea. "Limewaka mara moja tu, safi kabisa. Sasa nikafungua boneti, nikatafuta ule waya uliolegea siku ile, nikubanie vizuri usije ukatusumbua tena. Nimeutafuta sijauona. Ni waya gani?"

Aliuliza kama alivyouliza siku zote, kwa kulipenda gari. Binti akasimamisha ufagio kusikia jibu.

Kufuli angeweza kutaja waya wowote. Magari yana nyaya nyingi. Lakini mbele yake alisimama mtu aliyelala amekunjana kwenye kiti kulinda mali isiyo yake, na uongo haukutoka.

"Hapakuwa na waya," alisema. "Rota nilikuwa nayo mimi. Mfukoni. Nilikuwa naichomoa kila siku."

Fundi alielewa papo hapo, akainamisha kichwa. Binti hakujua rota ni nini, akawa anawatazama mmoja baada ya mwingine, na fundi ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya chini. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilipokupigia," alimwambia baba yake, "ulijua haliwezi kuwaka."

"Nilijua."

"Gari la mikate lilikuwa limesimama pale dukani, baba. Mwanzo kabisa, ulipokata simu tu. Fundi alitaka kulikimbilia. Mama alikuwa bado anaongea, maneno yanapinda lakini nilimwelewa. Akanishika mkono, akakataa." Aliuegemeza ufagio ukutani taratibu. "Alisema, 'Tumngoje. Ameshasema anakuja.'"