Ngozi ya Entere

Mama yangu hakuwa na imani na ofisi yoyote, ila mbuzi aliwaelewa. Kwetu, mtu asiye na malisho humpa jirani mbuzi amtunzie. Mbuzi akizaa, wanagawana watoto. Akifa, mtunzaji huleta ngozi kwa mwenye mali, ajue kwamba mnyama hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Na ukishaonyeshwa ngozi, unakwenda zako kimya. Kudai mbuzi waliobaki siku hiyohiyo ni kumwita jirani yako mwizi.

Kwa akili hiyo mama alipeleka pesa za viazi vyake katika koperative moja ya akiba, hapa Butembo, wakati wa vita. Faida yake, ambayo sisi tunaiita entere, kwake ilikuwa watoto wa mbuzi tu. Mwanzoni mwa mwaka waliiandika katika kitabu chake, na akaniambia mtihani wangu wa mwisho wa sekondari umepata mlipaji. Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa nyumba yetu kufika darasa lile. Nilisoma kama mwenye njaa.

Kisha entere ikapunguzwa. Iliyokwisha kuandikwa ilikatwa kwa wino mwekundu, kikabaki kidogo cha kununulia chumvi. Mtaji wenyewe haukuguswa, nao ungetosha mtihani ukitolewa wote. Nikamsihi mama tukautoe siku hiyohiyo. Vita ni vita, na pesa iliyo mfukoni angalau unaigusa. Akakubali, tukaenda pamoja.

Karani alikuwa mtu mpole, macho yamemvimba. Alieleza kwamba entere haitoki mbinguni: inatoka kwa wafanyabiashara wanaokopa. Ile ya mwanzo wa mwaka iliandikwa kwa kutegemea kwamba watalipa. Waliokopa ili kuleta kahawa kutoka Beni walichomewa malori njiani, hawakulipa, basi kilichoandikwa kikarudishwa nyuma.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mbuzi ikikufa, banaletaka ngozi. Ngozi iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Karani hakucheka. Alituongoza nyuma ya ofisi, uani, ambako lori lililowekwa rehani lilikuwa limevutwa kutoka barabarani. Lilibaki mifupa ya chuma, na harufu ya kahawa iliyoungua haikuwa imeisha. Mama aliuliza dereva yuko wapi.

"Ilikuwa mudogo yangu, mama," karani akasema. "Tulimuzika kulekule Beni."

Mama alishika mlango wa lori lile kwa mkono mzima. Akampa karani pole, kwa Kinande, lugha yetu, maneno marefu ya msibani, kisha akanigeukia akasema twende. Nilimvuta kitenge nikimkumbusha kilichotuleta. Alitembea mpaka nyumbani bila kugeuka, na mimi nyuma yake nalia kwa hasira.

Alisema tungerudi wiki inayofuata, heshima ikishatimia. Wiki iliyofuata mlango wa koperative ulikuwa na kufuli. Wengine walisema wakubwa wamevuka mpaka kwenda Uganda, wengine kwamba askari wamebeba sanduku. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyelipwa. Wenzangu walipoingia kwenye mtihani, mimi nilikuwa sokoni nachambua viazi vilivyooza, na sikuwahi kurudi shule.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mgonjwa, nilimuuliza juu ya pesa zile bila kuzungukazunguka, "Mama, juu ya nini haukukamata makuta yetu ile siku?"

Alinitazama kama anayetafuta mahali aliponikosea katika malezi. "Mutu anakuonyesha ngozi ya mudogo yake," akasema, "na weye unamuita mwizi?"

Watu wakisikia hadithi hii humsifu mama, nami nawaacha wamsifu. Lakini mimi ningezitoa zile pesa. Ningezitoa palepale, mbele ya lori lile, na kumwambia karani azihesabu mara mbili. Mama alilijua hilo, na alikufa akilijua.